Siku Kumi za Mizabibu

Baba yangu alizaliwa Makunduchi, kusini ya Unguja, akabeba magunia ya karafuu bandarini mpaka mgongo ukamkatalia. Mama yangu alizaliwa Wete, Pemba, akaletwa Unguja siku ya harusi yake. Majina yao unayajua, na usiyaandike hapa. Wala langu, wala la mama yako. Mimi sikukaa darasani hata siku moja, kwa hiyo wewe ndiye unayeshika kalamu. Andika ninavyosema, na usipambe.

Kabla yangu mama aliharibikiwa mimba mbili. Aliamini kwamba zote mbili ziliharibika kwa sababu jirani mmoja alimshika tumbo na kulisifu mbele za watu. Tangu hapo alitufundisha kwamba mimba haitajwi. Ikiulizwa, haijibiwi. Mwanamke hujitanda vizuri, husema ameshiba, mpaka mtoto alie. Mimi nilimbeba mama yako kwa namna hiyo, akazaliwa mzima, nikaona mama yangu alisema kweli. Nimeyatanguliza haya kwa sababu mengine yote yametoka humu.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa tumekwisha kuja hapa Dubai kutafuta kazi; minara mingi ya Jumeirah Lake Towers ilikuwa bado ina winchi juu yake, na baba yako alikuwa mlinzi wa mmoja uliokwisha kukamilika. Mama yako alikuwa dobi katika hoteli moja ya Garhoud, akishika mashuka na mataulo tangu asubuhi mpaka alasiri, wima kwa miguu yake. Mimi nilikaa Al Barsha, katika fleti ya Wazungu, nikimtunza mama mzazi wa madam.

Bikizee yule alikuwa ameishi Kenya ujana wake wote, katika shamba la mumewe. Uzee ulipomwingia akilini, lugha yake ya kuzaliwa ilianza kumponyoka, na Kiswahili cha shambani kikabaki. Ndiyo maana madam alitafuta Mswahili. Siku ya kwanza alinitazama toka kichwani mpaka kwenye ndara, akasema, "Wewe naitwa nani? Hapana jibu. Mimi tasahau." Nilicheka, naye akakunja uso: "Hapana cheka. Leta chai." Tulikaa miaka minne hivyo, na sikuwahi kupigiwa kelele na mtu niliyempenda zaidi.

Mama yako alipopata mimba yako, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa mimi, na mtu wa kwanza kumnyamazisha alikuwa mimi. Nilimwambia asimwambie msimamizi wake wala wenzake wa chumbani. Sare yao ilikuwa pana, kama gunia lenye mikono, nayo ikatusaidia. Alikwenda kliniki mara moja tu, siku yake ya mapumziko, akapewa kadi. Mara ya pili ilimwangukia siku ya kazi. Akitaka kwenda lazima aombe ruhusa, na akiomba ruhusa lazima aseme sababu. Nikamwambia aiache.

"Mama, dada mmoja Mkenya pale kazini ananiuliza kila siku mbona nimenenepa," aliniambia Ijumaa moja.

"Mwambie chakula cha hoteli."

"Chakula gani, mama? Wali na dengu kila siku!"

"Basi mwambie unapenda dengu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. Hicho ndicho kicheko ninachokikumbuka vizuri.

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa saba madam aliponiita sebuleni. Alikuwa amepanga safari ya siku kumi kusini mwa Ufaransa pamoja na mama yake. Kundi lingekuwa la watu tisa katika basi dogo moja, wakitazama miji ya kale na kuonja mvinyo mashambani. Alisema ni matembezi ya mwisho ya mama yake, na kwamba bila mimi hayawezekani. "Utapenda," aliniambia. "Ni pazuri sana." Pasipoti yangu ilikuwa katika droo ya bwana wa nyumba, kama za wengi tuliokuwa chini ya kafeel, yaani mwajiri anayekudhamini. Waliitoa, wakanipeleka kuomba viza, na viza ikachukua wiki tatu. Sikiliza vizuri: wiki tatu nilikaa na watu hao nyumba moja, nikiwa na ulimi mdomoni.

Mama yako alinisihi. "Mwambie madam, mama. Mwambie binti yako anakaribia kujifungua. Atatafuta mtu mwingine."

"Nikimwambia, atawaambia marafiki zake kwenye simu kabla chai haijapoa. Tumbo lako litakuwa habari ya Al Barsha nzima."

"Wazungu hawana husuda ya mimba, mama."

"Jicho halina kabila. Siku kumi tu. Nitarudi kabla hujafika mwezi wa tisa."

Hakubisha tena. Nilimlea asibishane nami.

Ufaransa niliiona, siwezi kusema sikuiona. Niliona vilima vilivyopandwa mizabibu kwa mistari iliyonyooka, miti mifupi iliyokatwa ikawa kama ngumi za watu zilizotoka ardhini. Niliona ngome za mawe na makanisa baridi ndani kama mtungi. Kila asubuhi kiongozi wa safari, kijana mwenye sauti kubwa, alituhesabu kwa kidole ndani ya basi, nami nilikuwa wa tisa, nyuma, pamoja na kiti cha magurudumu. Watu wale hawakuwa wabaya. Walinipisha mlangoni. Mmoja wao alinipa kofia yake kwa ajili ya jua. Hata hivyo sikuielewa kazi waliyokuja kuifanya. Tuliingizwa katika ghala moja baada ya jingine, chini ya ardhi, kati ya mapipa, wakamiminiwa mvinyo, wakaunusa, wakausukutua mdomoni, kisha wakautema ndani ya ndoo.

"Wamesafiri mbali hivi kuja kutema?" nilimwuliza bikizee.

"Wajinga," alijibu. "Mimi hapana tema."

Naye hakutema. Mikono yake ilitetemeka, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kumshikia glasi. Niliizungushia leso ili ngozi yangu isiguse tone. Aliiona leso ile, akasema kwa sauti, "Wewe naogopa glasi? Iko nyoka ndani?" Madam alicheka, nami nikavumilia. Nilikuwa najilinda na tone la mvinyo, na huku jambo kubwa nimeliacha Garhoud.

Siku ya nne tulisimama katika mji mdogo wenye uwanja na chemchemi. Kiongozi alinisaidia kupata kadi ya simu, akanionyesha kibanda. Namba ya mama yako niliijua kwa njia ambayo kidole hupita juu ya vitufe, siyo kwa tarakimu. Alipokea akiwa kazini, nikasikia mashine zinanguruma nyuma yake.

"Uko vipi, mwanangu?"

"Miguu imevimba, mama. Na uso. Viatu vimekataa kuingia."

"Miguu ya mjamzito huvimba."

"Na kichwa kinaniuma tangu juzi. Nikiinama naona vimulimuli. Mama, nimwambie msimamizi?"

Hapa andika polepole. Mama yangu hakuwa mkunga, lakini niliwahi kumsikia akisema kuhusu mwanamke mmoja mjamzito aliyevimba uso asipone, na alisema kwa sauti ya chini. Nililikumbuka hilo ndani ya kibanda cha simu. Nililikumbuka, na mkono wangu ulikuwa juu ya kioo, na nje kundi lilikuwa linanisubiri twende shambani. Nikamwambia, "Usiseme kitu. Ukitoka kazini lala, weka miguu juu ya mto. Mimi narudi."

"Inshallah, mama," alisema. Nikakata simu.

Mchana ule ule tukapigwa picha shambani, mbele ya mizabibu.

Siku ya sita, madam na wenzake waliteremka ghalani kwa ngazi, na kiti cha magurudumu hakikuweza kuteremka. Mimi na bikizee tukabaki juu, kivulini kwa ukuta. Alikuwa na siku zake za akili safi, na ile ilikuwa mojawapo.

"Wewe iko na kitu."

"Sina kitu, memsahibu."

"Iko. Wewe hapana kula. Wewe naangalia simu ya kila mtu. Nani iko mgonjwa? Mtoto yako?"

"Hapana. Wote wazima."

"Sema kweli. Mimi taambia binti yangu, yeye tarudisha wewe Dubai. Kesho."

Hivi ndivyo alivyosema. Hakuna mtu mwingine aliyekuwapo, na tulikuwa tukizungumza Kiswahili, lugha yangu mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi kiasi hicho. Nikamjibu, "Wote wazima, alhamdulillahi," nikamrekebishia shali yake mabegani. Aligeuza uso akatazama mashamba. "Wewe mwongo," alisema, bila hasira.

Siku ya saba tulikuwa mezani kwa chakula cha mchana, meza ndefu, glasi tatu mbele ya kila mtu. Simu ya madam ikalia. Alikuwa baba yako. Alikuwa amekwenda kwa miguu yake Al Barsha, akamwangukia mlinzi mwenzake wa jengo letu, na mlinzi akampatia namba. Madam alisikiliza, kisha akainuka, akaja mpaka nilipokaa. Uso wake ulikuwa umekwisha damu.

"Binti yako yuko hospitali," alisema. "Mume wake anasema ana mimba. Ana mimba?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka.

Lazima niwe mwadilifu kwa madam yule. Hakumaliza chakula. Yeye na kiongozi walinitafutia ndege siku ile ile, akanisindikiza mwenyewe mpaka uwanjani Marseille, akanishika mkono njia nzima. Kabla sijaingia ndani aliniuliza, "Kwa nini hukuniambia? Ningemchukua mwingine. Ungebaki naye." Nilichukua begi langu nikaingia.

Nilipofika Dubai baba yako alikuwa amesimama penye mlango wa abiria, na sare yake ya ulinzi ilikuwa imefungwa vifungo vibaya. Alisema, "Shikamoo, mama," kisha akakaa chini sakafuni. Nikajua.

Mambo yalivyokuwa nilielezwa baadaye na yule dada Mkenya. Mama yako alianguka kati ya mashuka, karibu na mashine ya kukausha, akaanza kutetemeka mwili mzima na kutoa povu. Wenzake walimpenda, wakakimbia wote. Lakini hakuna aliyejua. Walidhani ni kifafa. Mmoja alimpitishia kiatu puani, mwingine alimmwagia maji, wakamsubiri atulie, kwa sababu kifafa hutulia chenyewe. Kilitulia, kikarudi. Gari lilipoitwa, walisema kifafa, na waliompokea wakasikia kifafa. Tumbo liligunduliwa pale nguo zilipokatwa.

"Mama, tungejua," dada yule aliniambia, akilia, "si tungemkimbiza saa ileile? Mimi nina watoto wawili. Uso uliovimba naujua. Nilimwuliza, akasema ni dengu."

Nilimwosha mimi, pamoja na wanawake wawili wa Kizanzibari wakaao hapa siku nyingi. Nililiosha tumbo lililoshonwa. Kisha nikapelekwa kukuona wewe, mdogo kama mkate wa ajemi, ndani ya sanduku la kioo, na nesi akasema unapumua mwenyewe. Sikukushika. Niliona sina haki. Nilikushika siku ya tisa, kwa sababu baba yako alikuweka mikononi mwangu akaenda kazini.

Nilirudi kwa bikizee, na alikaa mwaka mmoja zaidi. Hakuniuliza tena kitu. Siku moja tu, nikimlisha uji, alisema, "Mimi uliza wewe," nikasema, "Ndiyo, uliuliza," akafungua mdomo kupokea kijiko.

Umekua ukiambiwa kwamba ilikuwa siku yake. Watu wamesema hivyo kunihurumia, na saa ya kufa ni ya Mungu, silipingi hilo. Lakini Mungu hakupiga ile simu kutoka kibandani. Mimi ndiye niliyepiga.

Sasa sikiliza cha kuweka. Kanga zake gawa kwa shangazi zako, zinachakaa bure sandukuni. Kadi ya kliniki iweke. Ina mstari mmoja ulioandikwa, na iliyobaki yote ni mitupu; usiijaze, usiipige pasi. Siku utakapobeba mimba, mwambie mwajiri wako, mwambie jirani, mwambie mlinzi wa jengo. Atakayelisifu tumbo lako, mshukuru. Mimi nikiwa hai nikakukataza, usinisikilize. Ni amri yangu ya mwisho juu ya jambo hilo, na inafuta ile ya mama yangu.

Na ile picha ya shambani, ambayo madam aliniletea ndani ya bahasha, iweke pamoja na kadi. Nimesimama nyuma ya kiti cha magurudumu, nimevaa kofia ya Mzungu, glasi ya mvinyo mkononi, leso imeteleza. Mwaka jana shangazi yako alitaka kunikata humo kwa mkasi, asije mtu akasema nilikunywa. Nilimnyang'anya mkasi. Usinikate. Igeuze, na nyuma yake uandike, kwa kalamu ya wino, si ya risasi: siku hii mama yangu alikuwa hai, na bibi yangu alijua kwamba anaumwa.

Andika sasa, nikikuona.