Pini ya Dobi

Huyu dobi nilimfahamu kwa mikono kabla ya sura. Alikuja kibandani kwangu kuchongesha ufunguo wa gari, akanyoosha mkono kunipa ule wa zamani uliokatika, nikaona kiganja kipana, kimechanika kwa sabuni, na mishipa imesimama kama kamba za kuanikia nguo. Mimi nimechonga funguo miaka thelathini na moja mtaa huu huu, na mikono ya watu naijua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti."

"Dakika mbili utakuwa umemaliza?"

"Dakika mbili hata yai halijachemka, sembuse ufunguo."

Akacheka, akakaa juu ya furushi lake kusubiri. Toka siku hiyo nikawa namwita Dakika Mbili, maana kila alipoegesha gari alikuwa akitamka maneno hayo kwa kila mtu, na kwa nafsi yake pia.

Alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba mbili za wageni, taulo za kinyozi ambaye kibanda chake kiko hatua sita kutoka changu, na makoti meupe ya zahanati iliyo nyuma ya mtaa. Mume alikuwa dereva wa malori. Alitoka siku moja na mzigo, hakurudi na lori wala hakuandika; anayejua aliko ni yeye na huyo aliye naye. Mama mkwe alimsaidia kulea kwa muda, kisha akahamia kwa mwanawe mwingine, akidai mkosi wa ukoo humfuata mtu. Dobi akabaki na gari dogo bovu alilolinunua kwa jasho lake, kiti cha mbele cha abiria kimeng'olewa ili mafurushi yaenee, na mtoto wa miezi minane, mnene, waliyemwita Bosi kwa sababu akilia nyumba nzima inasimama.

Kazi yake aliifanya kwa utaratibu nilioupenda. Kila furushi lilikuwa na pini kubwa, na kwenye pini kibati cha namba, na namba ile ile ikaandikwa kwa mwenye nguo. "Nguo haipotei, babu," aliniambia. "Inayopotea ni isiyo na namba." Katika mtaa ambao watu hawajui tena majina ya majirani zao, nilimwona kama mtu wa zamani aliyesalia.

Maana mtaa huu haukuwa hivi. Mbele ya duka la mikate palikuwa na benchi refu la mbao. Mama akiwa na shughuli, alimlaza mtoto wake pale akaenda zake. Hakuaga. Aliyekaa kwenye benchi ndiye mlezi, awe fundi viatu, awe mlevi, awe mgeni anayesubiri basi. Mtoto akilia anabebwa. Akijisaidia anasafishwa, na matusi mama anayapata akirudi. Mwenye duka wa sasa aling'oa benchi, akapanda vyuma vyenye ncha ili asikae mtu. Akafunga na kamera. Nimelalamika juu ya benchi hilo kwa kila mteja. Nilijifunza kusoma mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia misumari, na mpaka leo sijasoma mahali popote kwamba kamera imewahi kumbeba mtoto.

Siku ya kwanza ya balaa, jua lilikuwa kali mpaka lami inanata. Dobi aliegesha mbele ya kinyozi. Bosi alikuwa ameota jino, amelia tangu alfajiri, na ndipo tu usingizi ulipomchukua kwenye kiti cha nyuma.

"Nikimwamsha nimekwisha," alisema akinipita na taulo kichwani. "Dakika mbili tu, babu."

Vioo alikuwa amevipandisha kwa kuogopa wezi. Ufunguo aliuacha kwenye gari. Akaubamiza mlango kwa kisigino kwa kuwa mikono imejaa, na kitasa cha gari lile kilikuwa kimelika, kikibamizwa kinajifunga chenyewe. Nilishamwambia habari ya kitasa hicho.

Ndani kwa kinyozi kukazuka ugomvi.

"Kumi na moja!" kinyozi alipiga kelele. "La kumi na mbili umejifutia nini?"

"Hesabu tena. Au kazi yako ni vichwa vya nje tu?"

"Wewe mwanamke usinitukane dukani kwangu!"

"Nimekutukana au nimekupima?"

Walihesabu mara tatu. Dakika mbili zikawa kumi na tano. Alipotoka, alikuta mlango umefunga na ufunguo unaning'inia ndani. Nyuma, Bosi kichwa kimelalia bega, mdomo wazi, nywele zimelowa, halii.

Alipiga kioo kwa kiganja. Akapiga kwa kiwiko. Kisha akapiga kwa paji la uso, mara nne, na damu ikateremka kwenye kioo ikawa inamficha mtoto. Watu walikuja mbio. Wakainua simu, wakawa wanapiga picha. Hapakuwa na aliyeokota hata jiwe. Nilifika na nyundo yangu, nikapiga kioo cha dereva, nikaingiza mkono kwenye vigae nikafungua. Alimtoa mtoto akiwa legelege kama shati lililotoka kwenye ndoo. Kinyozi akatoka na maji, tukamwagia, tukampepea, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka, Bosi alitapika, akavuta pumzi, akalia.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akipiga picha akatia simu kwenye mkoba, akamchapa dobi kofi la shavu. "Mama gani wewe! Mnyama ana afadhali!" Mwingine akampiga teke la kiuno akiwa amepiga magoti na mtoto kifuani. Yeye alikuwa akimhesabu mtoto vidole.

Taulo la kumi na mbili lilikuwa shingoni mwa kinyozi. Alilitumia kumfuta Bosi uso, na ndipo akaliona.

Jioni, nikiwa natoa vigae kwenye kiganja, nilimwita dobi nikampa ushauri. "Ufunguo ukae kwa mtoto. Pini unazo." Akaielewa mara moja. Akachagua pini kubwa kuliko zote, pamoja na kibati namba saba, akaichoma kwenye mbeleko usawa wa nyonga ya Bosi. Tangu hapo, ufunguo ukitoka kwenye gari unaingia kwenye pini, na mbeleko inafungwa mgongoni, na mtoto yumo. Hawezi kushuka bila mtoto. Hawezi kuondoka bila mtoto. Nilijisifu kwa wateja wiki nzima.

"Dakika Mbili kaja na ofisi mgongoni!" kinyozi alikuwa akimtania.

"Na bosi kaja kukagua taulo," alikuwa akijibu.

Miezi minne ilipita hivyo.

Siku ya pili ya balaa ilikuwa asubuhi, saa nne, nyuma ya zahanati, kwenye kichochoro cha mapipa ya taka. Alikuwa ameshamfunga Bosi mgongoni, ameshabana ufunguo, na furushi la makoti liko kichwani, wanaume wawili walipomtokea. Mmoja mrefu, ameshika kipande cha nondo. Mwingine amevaa kofia.

"Ufunguo," alisema mrefu.

"Chukueni gari. Sina ugomvi."

Akatua furushi, akapeleka mikono nyuma kufungua pini. Lakini pini za dobi zinalala na maji. Kutu ilikuwa imeshika kichwa chake, na kwa kupapasa bila kuona, haikufunguka.

"Unatuchelewesha makusudi!"

"Haifunguki! Ngoja nimshushe mtoto—"

Nondo ilimpata mdomoni. Meno mawili yalianguka chini, na mdomo wa juu ukapasuka mpaka karibu na pua. Wa kofia akauona ufunguo uking'aa kwenye nyonga ya Bosi. Akaukamata akavuta. Mbeleko haikuachia. Akavuta tena kwa nguvu, mtoto akaning'inia upande akipiga yowe. Wa kofia akatoa kisu akaanza kukata nguo, kisu kinapita sikioni mwa mtoto.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Alisikia mbeleko inalegea kifuani, akajua mtoto anaanguka. Akapiga magoti ili asianguke kutoka juu, akamtelezesha Bosi chini ya kifua chake, na kwa mikono yote miwili akakamata mkono wenye kisu. Mkono wa kulia ukaenda huku, wa kushoto ukaenda kule, kama afanyavyo kwa blanketi la watu wawili kila siku ya Mungu.

"Sikumpiga, babu," aliniambia. "Nilimkamua tu."

Mfupa ulivunjika mahali pawili. Ukelele niliousikia kibandani nilidhani ni wa mwanamke. Yule mrefu alikuwa akimtwanga dobi kwa nondo mgongoni, mabegani, kichwani. Mbavu tatu zilikatika. Hakuachia. Alilala juu ya mtoto na kuendelea kukamua mkono wa mtu aliyekuwa ameshazirai.

Mlinzi wa zahanati alitoka, mrefu akakimbia. Nilipofika na nyundo yangu, mtaa mzima ulikuwa umefika. Na safari hii mawe yaliokotwa. Waliokosa jiwe la kuvunjia kioo walipata la kumvunjia mtu aliyezirai. Nilimwona bwana mmoja wa tai akipandisha suruali isichafuke, kisha akamkanyaga uso yule wa kofia. Wakapiga mpaka mguu ukageukia nyuma. Nami, mtu wa zamani, msemaji wa benchi, nilimpiga nyundo moja ya goti. Sikulazimishwa. Nilisikia lilivyolia na nikataka kupiga la pili, mlinzi akanishika mkono. Walimwingiza zahanati wamemfunika koti jeupe lililopigwa pasi asubuhi ile. Kama aliishi sijui; sikuuliza.

Tulipomwinua dobi, Bosi alikuwa chini yake, uso umejaa damu ya mama, sikio limechanjwa, ameshika ufunguo kwa mikono miwili na kuutafuna. Pini ilikuwa bado imefunga. Muuguzi aliikata kwa koleo.

Wiki tano hakuonekana. Kisha siku moja gari likasimama, akashuka na mtoto mgongoni, mdomo umeshonwa, anatembea kwa kujibana ubavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Nimefikiri sana. Nitakutafutia pini ya chuma kisichoshika kutu, tena yenye—"

"Babu. Umekaa hapa miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Kwa kinyozi ni hatua sita. Kila siku nilikuwa nikipita na mtoto hapa mbele yako. Hujawahi kuniambia, mlete nimshike."

"Hukuniomba."

"Huko zamani kwenye benchi lako walikuwa wakiomba?"

Nilifunga sanduku la misumari. Hawakuwa wakiomba. Walikuwa wakimlaza wakaenda zao, na aliyekaa pale hakutoa pini wala ushauri.

Hakungoja. Alifungua mbeleko, akaniwekea Bosi mapajani, mzito kama gunia la funguo. Akatoa kwenye mfuko pini mpya, akaichoma kwenye mfuko wa shati langu. Kibati namba saba. Kingine cha saba kilikuwa kwenye nguo ya mtoto.

"Isiyo na namba ndiyo inayopotea," alisema, maneno yakipita kwa shida kwenye mshono. "Dakika mbili."

Ufunguo wa gari alikwenda nao mkononi. Kinyozi alichungulia na mkasi wake.

"Mzee, umeshafuliwa, au unasubiri kuanikwa?"

"Nyoa watu na ufunge domo."

Akatupa taulo mapajani mwangu. "Utalihitaji," akasema.

Dobi alikawia dakika ishirini na tano. Bosi alinikojolea mara mbili, akanivuta ndevu, akarusha tupa yangu ya kuchongea chini ya meza. Mteja mmoja alikuja na kufuli lake, akaniona sina mkono uliobaki, akasonya akaenda zake. Mwingine aliuliza kama nimeacha kazi. Nikamwambia njoo kesho.

Jua lilipofika mapajani, nilisogeza kigoda kivulini, na mtoto wangu namba saba.