Mstari wa Makaa Ukutani

Watu wakisikia kwamba baba yangu aligongwa na lori, huuliza kwanza kama dereva alikuwa mlevi. Hakuwa. Mara nyingi nimetamani angekuwa mlevi, nipate wa kumchukia, maana kuchukia nakujua vizuri.

Baba alikuwa mfugaji. Kwetu ni kati ya Kitengela na Isinya, na malisho yaliyobaki yako ng'ambo ya barabara ya Namanga. Upande wetu ni ploti na nyua za waya tu. Kila jioni ilimbidi avushe ng'ombe lami jua likiwa limeshatua, na macho yake yalikuwa yameanza kumwangusha. Mdogo wangu, ambaye hubeba marobota ya nyasi kavu kwa pikapu kutoka Isinya, hakuwa na raha. Taa za pikapu ile zilikuwa hafifu kama koroboi.

"Siku moja nitamgonga mzee mwenyewe," aliniambia. "Nitaishi na hiyo aje?"

Akanunua balbu mpya, nyeupe, zenye nguvu. Muuzaji alimwonya kwamba balbu hizo zisiporekebishwa hupofusha wanaokuja mbele, na mdogo wangu si mtu wa kubahatisha. Aliiosha pikapu mpaka ikang'aa, nyuma haukubaki hata unyasi mmoja, kisha akaisimamisha karibu na ukuta wa stoo yetu ya mawe. Baba akasimamisha fimbo yake kando ya taa, akaweka kidole palipolingana na katikati ya taa, akaenda ukutani na kuchora mstari kwa kipande cha makaa. Gari likarudishwa nyuma hadi kwenye zizi la ndama. Mdogo wangu akafungua boneti, akazungusha skrubu za taa polepole, mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukatulia chini kidogo ya ule mstari.

Baba alikwenda kusimama ukutani, akazikodolea macho zile taa.

"Papa, zinakuchoma macho?" mdogo wangu akamuuliza.

"Hapana. Lakini miguu yangu naiona. Hata kupe hana pa kujificha."

Tulicheka. Mama, ambaye sote tunamwita Yeyo, alisema sasa angalau atakuwa analala.

Haukupita muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa akitoka Isinya jioni, marobota yamepangwa hadi juu ya kichwa cha gari. Alimwona baba kutoka mbali, amesimama kando ya lami na ng'ombe wake. Balbu zilifanya kazi yao. Alipunguza taa, akapunguza mwendo, akasimama kabisa ili amwachie njia. Baba akainua fimbo kumshukuru mwanawe, akaanza kuvuka. Lori likatokea upande wa Kitengela.

Dereva wake, mtu mzima kutoka Ukambani, alikaa vumbini akirudia maneno yaleyale. "Sikuona mtu. Niliona tu mwangaza." Vijana walitaka kumpiga na mimi nilitaka wampige. Mdogo wangu alimshika shati. "Mimi nilikuwa nimedim taa. Nilikuwa nimesimama, mzee apite." Ilikuwa kweli, na polisi wakaandika hivyo. Dereva aliondoka na pingu, na mimi nikasema moyoni kwamba mwongo hana haya.

Tulizika. Wageni wakarudi makwao, na mdogo wangu akarudi kwenye nyasi, kwa sababu mifugo ya watu haijui matanga. Jioni moja alikuja nyumbani na mzigo kabla ya kuupeleka Kitengela. Akaingia, akasimama palepale kwenye zizi la ndama, uso wa gari ukielekea stoo. Nilikuwa nimetoka kukamua. Niliona akibaki ndani ya gari, taa zinawaka, hashuki. Nikageuka kutazama anachokitazama.

Mstari wa makaa ulikuwa bado pale, na mwanga ulikuwa juu yake. Ulikuwa umepanda hadi kwenye dirisha, kwa umbali mfupi vile. Marobota yalikuwa yamekandamiza springi za nyuma, na pua ya gari imeinuka kama ya ng'ombe anayenusa mvua. Kwa umbali wa barabarani, mwanga ule ungefika machoni pa dereva wa lori. Gari la kubeba nyasi tulilipima likiwa tupu. Familia nzima ya watu wa nyasi ilisimama pale siku ya kupima, na hakuna aliyezikumbuka nyasi.

Yeyo alitoka nje, akakinga macho kwa kiganja.

"Zima."

Akazima. Kwa muda hatukuonana gizani.

"Siku ile ulisimama hapo barabarani, ulikuwa umebeba hivi?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Basi yule mtu hakudanganya," alisema, akaingia ndani.

Nilimhurumia mdogo wangu, na nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Aliwasha taa tena, akafungua boneti, akapiga magoti mbele ya gari. Skrubu ikazunguka kidogo, mwanga ukashuka kutoka dirishani, ukarudi chini ya mstari wa baba. Nilikuwa bado nimeshika kibuyu cha maziwa, povu halijatulia, na kazi ilikuwa imekwisha.