Kwanza Uliza Stripu

Mwanangu Resti, nasaha ni kazi ya wazee, na mimi sina mvi hata moja. Lakini wazee wa ukoo huu walikuwepo siku ile, wakatafuna nyama, wakanyamaza. Basi nitasema mimi. Nakumbuka siku hiyo kama mtu anavyokumbuka mahali alipoungua.

Ilikuwa Desemba, watu wote wamepanda mlimani kutoka huko walikotafutia maisha, magari yamejaa kwenye kihamba, shamba la nyumbani kwa babu yako, mpaka migomba miwili ikavunjwa. Ulikuwa na miaka saba, na ugonjwa wa sukari ulikuwa nao mwaka wa pili. Asubuhi na jioni nilikuchoma insulini. Friji hatukuwa nayo, chupa ilikaa ndani ya mtungi wa maji. Kabla ya kuchoma nilikutoboa kidole, nikaweka tone la damu kwenye stripu, kile kijiti kinachotumika mara moja na kutupwa, na kipimo kikanipa namba. Namba ndiyo iliyoniambia nikuchome kiasi gani. Kipimo chenyewe kilikuwa cheusi, kizito, kibaya kama kipande cha sabuni kilichotafunwa na panya. Alinichagulia Sista Filomena, muuguzi mzee wa kliniki. Aliniambia, "Mama Resti, uzuri wake ni mmoja tu. Stripu zake zinauzwa hapo sokoni, masika na kiangazi."

Baba yako mkubwa Aloyce, aliyetoka Marekani, akasimama mbele ya wote na kiboksi mkononi. Ndani mlikuwa na kipimo cha rangi ya fedha, kidogo, kinang'aa kama hereni.

"Shemeji, achana na lile li-sabuni lako. Hiki kinaongea na pampu."

"Pampu gani, shemeji?"

"Pampu ya insulini! Mtoto anaivaa kiunoni, inamtilia dawa yenyewe. Ukipima, namba inaruka hadi kwenye pampu. Habari ya sindano kwisha."

"Na pampu iko wapi?"

"Inakuja. Mwakani."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyeshika kata ya mbege akasema, "Mjukuu wetu atavaa injini! Tutamtafutia na dereva." Wakacheka mpaka pombe ikamwagika.

Swali la stripu lilinifika kwenye ulimi. Bibi yako akanifinya mkono. "Wewe uliyesoma, sema asante kwanza. Unataka ukoo wote ujue zawadi ya mwanangu hukuipenda?"

Nikasema asante. Na kwa kujipendekeza, maana lazima niliite kwa jina lake, kesho yake nikampa binamu wa baba yako wa Chekereni, naye mgonjwa wa sukari, kile cheusi pamoja na stripu zake. Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo niliandikia insha sekondari, nikasifiwa mbele ya darasa.

Stripu zilizokuja kwenye kiboksi zilituvusha Januari, na kwa kubania, Februari. Kisha nikateremka Moshi mjini. Nilizunguka maduka ya dawa kuanzia sokoni hadi Majengo. Kila duka walikigeuza kile kipimo kwa heshima, wakanirudishia. Muuzaji mmoja alijaribu kusukuma stripu nyingine, ikagoma. Akacheka. "Mama, hiki ni cha kwendea mwezini. Sisi hapa tunapima watu wa mtaa wa Pasua."

Nikampigia simu baba yako mkubwa. "Nimeshatuma, shemeji, yuko mtu anakuja." Huyo mtu, mwanangu, hajafika mpaka leo.

Ungeniuliza kwa nini sikununua haraka kingine kama kile cheusi. Niliona aibu. Bibi yako alikuwa amekiweka cha fedha sebuleni, juu ya kitambaa, karibu na picha ya Bikira Maria, na kila mgeni alionyeshwa. Nikasema nitavumilia mpaka mtu wa stripu aje. Nikawa napima kwa macho. Ukinywa maji mengi, naongeza dawa. Ukilala sana, naongeza. Mama anayepima damu kwa macho!

Asubuhi moja ya masika uligoma uji. Ulikuwa mkali, unanifokea, jasho linakutoka na huku mvua inanyesha. Jana yake ulikula ndizi mbivu kwa bibi yako, kwa hiyo nikasema: sukari imepanda. Nikakuchoma. Haikuwa imepanda, ilikuwa imeshuka, na mimi niliyekuzaa nikaishusha zaidi. Ulianguka mlangoni, ukakakamaa, meno yamebana. Baba yako alikubeba mgongoni kwenye ule utelezi hadi barabarani. Gari la ndizi likatushusha Himo, lingine likatufikisha hospitali. Sasa nimeshaelewa, njia nzima nakupaka sukari kwenye fizi na kukuita jina.

Ulifumbua macho siku ya pili. Lakini herufi ulizokuwa unazijua zote hukuzijua tena. Ndiyo sababu ulirudi darasa la kwanza, Resti. Hukuwa mjinga. Usimruhusu mtu akuambie hivyo.

Sista Filomena alikuja kitandani. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikishika kile cha fedha, nilichokinyakua sebuleni tukikimbia, kwa vidole viwili. "Hiki ulikichagua kwa ajili ya mtoto au kwa ajili ya shemeji?" Akakilaza kitandani. "Na jasho lile nilikufundisha nini?" Nikasema, "Mpe sukari kwanza, mengine baadaye." Akasema, "Kumbe ulijua," akaondoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini safari hii lililovunjika halikuwa guu langu.

Desemba iliyofuata Aloyce alikuja na jani la isale. Kwetu anayekujia nalo kuomba radhi humfukuzi. Nikalipokea kwa mikono miwili. Kisha, mbele ya wale wale waliopiga makofi, nikauliza, "Shemeji, stripu ziko wapi?" Akaanza tena, "Yuko mtu..." Nikaenda sebuleni, nikakirudisha cha fedha kwenye kiboksi chake, nikamwekea mapajani. "Rudi nacho kikaongee na pampu yake." Bibi yako alilia. Mimi nilikuwa nimeshalia masika yote.

Sasa sikia, mwanangu, maana iko siku utajichagulia mwenyewe. Usiulize kipimo kinang'aa vipi, wala kinaongea na nani. Uliza stripu zake zinauzwa wapi, na je, utazifikia kwa miguu yako siku gari halipandi mlimani. Pampu ikija nayo iulize hivyo hivyo: mipira yake ya kupitishia dawa ikiisha, nani ataniuzia? Ukikosa cha kupimia na mwili unalowa jasho, kula sukari, ubishi baadaye. Mtu akikupa usichoweza kukitumia, mshukuru, halafu uendelee na chako. Ukoo utanuna. Wacha unune, kununa hakumwangushi mtoto mlangoni.

Hiki tunachotumia sasa ni kibaya kama kile cha kwanza, kimefungwa kwa mpira, na jana ulinisomea namba yake mwenyewe, bila kukosea.

Mungu akupe siku nyingi, Resti, na kila siku aliyokuandikia aiandikie na stripu yake.