Mwalimu Jeilani Hatii Dole

Karatasi ilikaa mlangoni pa skuli ya Mbwajumali mwezi mzima, nawe ukapita. Uliisoma. Ukasema hayo ni yao wenyewe.

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Jeilani Abdulghafur ameketi barazani kwake anashona makuti. Watoto thelathini na mmoja wanasoma mbele yake. Ng'ambo ya uwanja iko skuli mpya. Makuti mia nne ya paa lake aliyashona yeye, bure. Ndani mna mwalimu mgeni na wanafunzi wawili.

Jeilani amesomesha hapa miaka kumi na minane. Skuli ilipokwisha kujengwa, wazazi walimtaka yeye. Akaandika ombi kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika babu zetu, akavuka hadi Amu, mjini Lamu, kulipeleka ofisi ya elimu.

Karani aliligeuza juu chini, kisha akaandika kwenye faili: "Hajui kusoma wala kuandika." Akamsogezea wino.

"Tia dole, mzee."

"Dole la nini, nami kalamu ninayo?"

"Kalamu yako haisomeki hapa."

"Basi asiyejua kusoma ni nani, mimi au wewe?"

Hakutia. Wiki mbili baadaye ikabandikwa ile karatasi: kazi kapewa Bwana Wazir, kijana wa Mombasa mwenye cheti.

Mwaka wa 1938 wazee wetu walitiwa madole kwenye karatasi za mashamba, nao kuandika walijua. Mashamba yakaenda. Mimi sijasahau.

Wazir si mtu mbaya. Wazazi walipomwandikia kwamba wanawatoa watoto wao, hakuweza kusoma barua hata moja. Akazikusanya, akaja nazo kwa Jeilani.

"Nilimsomea zote," asema Jeilani. "Hata ya Bi Ruqaya iliyomtukana."

Bi Ruqaya, mjane mwenye watoto watatu barazani hapo, amesikia. "Sikumtukana, Mwalimu. Nalimwambia arudi kwao, ndia aiyua."

Jeilani anacheka, sindano haisimami. "Njia anaijua, ila na akae. Yeye asomeshe herufi za Kizungu, mimi hizi zetu, chini ya paa lile lile. Lakini lile neno lao kwenye faili lifutwe."

Afisa wa elimu anakuja Alhamisi. Akilikubali faili lile, na baraza hii itafungwa, kwani asiyejua kusoma haruhusiwi kusomesha.

Alhamisi ni keshokutwa. Chukua karatasi leo, andika kwamba wamtaka Jeilani, utie jina lako kwa herufi ulizofunzwa utotoni. Siku hiyo uje nayo skulini mwenyewe, umpe afisa. Wakikusogezea wino wa dole, warudishie.