Darasa Lililopigia Kura Dodoso

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili nilifundisha kwa muda katika chuo kimoja mjini Shinyanga. Utafiti wangu ulikuwa wa kupima jinsi wanafunzi wanavyostahimili mambo yasiyo na uhakika. Niliwagawia dodoso la sentensi ishirini za aina hii: "Nisipojua kitakachotokea kesho, silali vizuri." Majibu yalikuwa matano, kuanzia nakubali kabisa hadi nakataa kabisa. La katikati lilikuwa sina uhakika.

"Hakuna jibu sahihi," niliwaambia. "Kila mtu ajaze anavyojisikia, mrudishe kesho."

Kiongozi wa darasa akasimama. Alikuwa mtu mzima kuliko wenzake. Alichimba dhahabu Geita miaka kadhaa ndipo akarudi shule.

"Mwalimu, sasa tutajuaje kama tumefaulu?"

"Hamfaulu wala hamfeli."

Darasa zima likaguna. Binti mmoja wa Kishapu alifumba macho, midomo ikicheza kama anayesali.

Kesho yake nikafungua karatasi ya kwanza: sina uhakika, sentensi zote ishirini. Ya pili hivyo hivyo. Zote hivyo hivyo. Nikamwita kiongozi.

"Tulikaa kikao," akasema bila wasiwasi. "Kule machimboni, kama hamjui mwamba umekaaje, hakuna anayepiga nyundo peke yake. Tukapiga kura."

"Hiyo 'sina uhakika' ilishindana na nini?"

"Na 'nakubali kabisa'. Ila wengi waliona ni kujipendekeza."

Nikachapa madodoso upya, safu ya katikati nimeiondoa. Yaliporudi, safu ilikuwepo, imechorwa kwa rula na kalamu nyekundu. Karatasi moja tu ilikuwa tupu, chini imeandikwa: "Nilikuwa msibani Kagongwa, kikao cha pili kilinipita. Naomba kuelekezwa."

Nilicheka hadi machozi, kisha nikaogopa, maana msimamizi wangu alikuwa anasubiri matokeo. Nikaamua kuwaita mmoja mmoja tuzungumze. Kiongozi alikuja wa kwanza. Nikamuuliza shimoni alikuwa anaogopa nini.

"Shimoni? Jiwe likikuangukia, unajua limekuangukia," akasema. "Mimi naogopa hapa. Lile jaribio la mwanzo wa muhula, mpaka leo hatujui tumepata ngapi."

Jaribio lilikuwa langu. Lilikuwa kwenye boksi chini ya meza, karibu na miguu yake, na sikuwa nimesahihisha hata karatasi moja.

"Samahani, kaka," nikamwambia. Nilimwita kaka kwa mara ya kwanza.

Utafiti nikausimamisha wiki nzima, nikasahihisha.