Pikapu ya marehemu baba iligonga miezi miwili, nikamtwika lawama mdogo wangu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika yangu. Sitapunguza kitu, hata pale ninapoonekana mjinga, na mtaona pako pengi.

Niko Songea, Bombambili. Mimi si fundi wa kusomea, ila spana nazishika. Baba alituachia pikapu moja ya dizeli, ya zamani, mimi na mdogo wangu Festo. Festo alioa Tunduru, anaishi Namasakata, ana shamba la mikorosho. Makubaliano yetu ni kwamba msimu wa korosho gari inakaa kwake, miezi mingine inakaa kwangu, nabebea mahindi na mbolea.

Msimu uliopita alikuja akaichukua, akaondoka nayo vizuri. Wiki ya tatu akapiga simu. Akasema kaka, injini imeanza kugonga, naona nisiendelee kuitumia, naileta.

Aliileta mwendo wa pole, anasimama njiani ipoe. Niliisikia kabla sijaiona.

Ko, ko, ko, ko.

Ukikanyaga mafuta inagonga haraka, ukiachia inagonga taratibu, kama mtu anapiga geti la chuma kwa ngumi. Mwenye gari ya zamani anaujua ule mlio.

Nikavuta kijiti cha oili. Ilikuwa chini ya alama. Nikakirudisha. Festo akalala kwangu, asubuhi akapanda basi kurudi.

Nikaipeleka gereji moja Lizaboni. Fundi aliisikiliza hata dakika haikuisha, akasema beringi za konrodi, kule ndani kabisa ya injini, zimekwisha, mtu kaiendesha oili ikiwa haitoshi, hapa ni kushusha injini.

Hapo ndipo nilipoharibu, wakuu.

Nilimpigia Festo palepale gereji, mafundi wanasikia. Nilimwambia amezoea kuharibu vitu vya watu. Kisha nikamwambia, "Mzee angekuwa hai, asingekuachia hata baiskeli."

Akasema, "Sawa kaka. Hiyo gari ibaki yako." Akakata.

Sikushusha injini. Kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Nguvu ilikuwepo, taa ya oili inazimika kama kawaida. Nikamwaga oili, nikaichuja kwenye kitambaa cheupe nikitafuta chembe za chuma. Hakuna hata moja. Beringi zife zisiache alama?

Nikajaza oili mpya, ila kuanzia hapo sikutulia. Nawasha, nasikiliza, nazima. Nanawa mikono, nafika mlangoni, narudi tena kuwasha. Mke wangu akawa anafunika chakula bila kuniita. Hata kanisani, mtu akigonga benchi kwa kiatu, nageuka. Nilijiambia ni gari inayonisumbua. Namba ya Festo nilikuwa naifungua, naiangalia, naifunga.

Fundi wa pili alirekebisha vali. Ikagonga vilevile.

Ikapita miezi miwili ndipo nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa Msamala, anaitwa Haule, anafanya kazi peke yake nyuma ya banda la mbao. Niliambiwa ni mtu wa polepole, na kweli. Aliniambia niwashe na nisiongee.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Akapita juu, akapita ubavuni, akashuka chini, akaja mbele. Pale mbele akakaa. Akaniambia nizime, akatoa mikanda, akaniambia niwashe tena. Mlio ukabadilika, ukawa mwepesi, wa kurukaruka.

Tukazima. Akaishika kwa mikono miwili ile puli kubwa ya chini, inayozungusha mikanda, akaitikisa.

Ikacheza. Kitu ambacho hakitakiwi kucheza hata unywele.

Bolti yake ilikuwa imelegea. Puli ndiyo iliyokuwa inagonga, huku nje. Ndani injini nzima kabisa.

Haule akauliza, "Nani aliifungua mara ya mwisho?"

Wakuu, nilijua kabla hajamaliza. Wiki moja kabla Festo hajaja kuichukua, oili ilikuwa inavuja kwa mbele. Niliifungua puli mwenyewe nikabadilisha sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Ile bolti inataka bomba refu la kuchomeka kwenye mpini wa spana, na nguvu. Mimi niliikaza kwa spana fupi, nikisema nitaazima bomba kwa jirani. Mvua ikaanza, nikashusha boneti, nikasahau. Hata ile oili iliyopungua ni ya ule uvujaji. Sikuijaza.

Nikamjibu Haule, "Sijui. Labda mdogo wangu."

Mara ya pili namsingizia, na safari hii nikiwa najua.

Nikatoka nje nikazunguka lile banda la mbao, nikazunguka tena. Nikarudi. Nikamwambia, "Ni mimi niliyeifungua."

Hakushangaa. Alibadilisha kilicholika, akanikabidhi bomba refu, akasema, "Basi njoo uikaze mwenyewe."

Kesho yake alfajiri nikaondoka kwenda Namasakata. Nilizima redio njia nzima. Injini ilikuwa kimya, nami bado nasikiliza.

Nilimkuta Festo uani anageuza korosho juani. Akaja, akainama kidogo. "Shikamoo kaka." Kama hakuna kilichotokea.

Nikaitikia marahaba.

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, mke wake yupo. Bolti, mvua, oili, na ule uongo wa kwa Haule. Festo alikuwa anaangalia gari tu. Ndipo nikaona shavu la mguu wake, kovu bichi la kuungua, pana kama kiganja. Nikauliza ni nini.

Mke wake ndiye aliyejibu. "Pikipiki ilimwangukia, shemeji. Ekzosi ikamlalia. Gari halikuwepo, magunia alikuwa anabebea pikipiki."

Nikamwambia Festo, "Nisamehe, mdogo wangu."

Akafungua boneti, akaniuliza ni bolti ipi. Nikamwonyesha.

"Hii tu?"

"Hii tu."

Akashusha boneti, akasema, "Yameisha kaka, twende tukale."

Msimu huu ameichukua tena. Tunaongea, tunacheka. Ila kila akitaka kuondoka na gari anarekodi mlio wa injini, dakika nzima, ananitumia bila neno. Akifika, anatuma tena. Nimemwambia mara mbili haina haja. Anajibu, "Ni vizuri usikie mwenyewe, kaka."

Nilichojifunza: injini ikigonga, anzeni na vya nje, mikanda, puli, bolti, kabla hamjakubali kushusha. Na mkitafuta aliyeigusa mwisho, jiwekeni wenyewe wa kwanza kwenye orodha.

Hilo lingine sina jibu lake. Mliowahi kumuumiza ndugu kwa maneno mkamrudia, niambieni mlifanyaje mpaka akaacha kujihami.

Leo asubuhi ametuma nyingine. Nimeisikiliza yote mpaka mwisho. Injini iko safi.