Ananishukuru kwa Chanjo Ambayo Sikumpa

Admin, nifichie jina, na ninyi wasomaji msinitukane kabla hamjamaliza kusoma. Mimi ni dada wa miaka 27, mzaliwa wa Kirushya, Ngara. Mwaka juzi nilipata kazi yangu ya kwanza ya utafiti. Tunachukua damu za wafugaji na mbuzi wao kutafuta virusi vinavyoenezwa na mbu, na hata kwa kugusa damu ya mnyama mgonjwa, ili siku moja chanjo ya watu ipatikane. Siku moja, jamani. Yenyewe bado haipo.

Tulipofika kijiji kimoja cha Nyamahanga, watu waligoma. Mpaka saa sita mchana hatujapata hata tone. Ndipo akaja mama mmoja mjane, nimpe jina la Mama Donatha, akakunja mkono wa gauni, nikamtoa damu. Akawageukia wenzake akasema kwa Kihangaza, "Njooni, mimi tayari nimechanjwa!" Foleni ikapangwa hapo hapo. Msimamizi wangu, daktari asiyejua kilugha chetu, akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamjibu, "Anawahimiza wenzake, Dokta." Wala sikusita. Nilitaka vichupa vijae, nilitaka nionekane kazi naiweza.

Mvua za mwaka jana mbuzi wakaanza kutupa mimba. Majirani ambao hawakupanga foleni siku ile waliogopa kuwagusa, ila Mama Donatha alivuta vitoto vilivyokufa kwa mikono mitupu, vya kwake na vya wenzake, maana yeye si amechanjwa? Akaugua homa kali. Akapona, lakini macho yakaanza kuondoka.

Tuliporudi kuchukua damu tena nilimkuta amekaa mlangoni. Jicho moja limekwisha, la pili anaona ukungu tu. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akanitambua kwa sauti! "Marahaba mwanangu. Wananiambia nimelogwa. Mimi nawajibu, isingekuwa chanjo ya yule binti ningekuwa kaburini." Akanifungashia mkungu wa ndizi. Ulioza chumbani kwangu Biharamulo, sikuthubutu kumenya hata moja. Baadaye majibu ya maabara yakatoka, nikaona namba yake. Virusi tulivyokuwa tunavitafuta vilikuwa vimempata.

Tangu hapo sina amani. Nikifumba macho kusali naona ule mkono wa gauni uliokunjwa. Kila nikishika bomba la sindano naisikia ile "nimechanjwa".

Sasa mvua zimerudi. Donatha, binti yake, ndiye anayechunga mbuzi siku hizi, na siku ile ya kutoa damu alikuwa wa pili kwenye foleni. Ana mimba ya miezi mitano. Leo asubuhi kanipigia: "Dada, mbuzi wawili wametupa." Nikamwambia asiguse kitu, aite bwana mifugo. Akacheka. "Acha uoga dada, si ulinichanja mwenyewe?" Mimi mjinga nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Nikisema ukweli, kazi sina, na mama yule atajua nani kampofusha. Tena chanjo ya kweli ikija, kijiji kile nani atanyoosha mkono? Nikinyamaza, Donatha anaingia zizini.

Ndugu zangu, hapa ninapoandika simu inaita. Ni yeye. Nipeni neno la kwanza tu la kumwambia, mengine nitayasema mwenyewe.